Runinga inakwamakwama? Kagua antena kabla ya kununua king'amuzi kipya

Na Kitengo cha Mawasiliano ya Umma, Kaunti ya Taita Taveta

Picha inaganda katikati ya taarifa ya habari. Sauti inakatika, nyuso za watu zinageuka vipande vya miraba, kisha skrini inaandika kwamba hakuna mawimbi. Katika nyumba nyingi, wa kwanza kulaumiwa huwa king'amuzi, na hatua inayofuata huwa ni safari ya dukani kununua kingine. Kipya kikishafungwa, tatizo linabaki palepale, kwa sababu halikuwa kwenye king'amuzi tangu mwanzo. Lilikuwa juu ya paa, au ndani ya waya unaoteremka kutoka huko.

Makala haya yanaeleza namna ya kupata matangazo safi ya runinga nyumbani kwa hatua ambazo nyingi hazina gharama. Yanahusu pia usalama, kwani kuna watu wanaopanda paa lenye unyevu au kusimamisha mlingoti karibu na nyaya za umeme ili tu waone mechi. Hakuna mechi yenye thamani hiyo.

Kwa nini picha haififii tena, bali hukatika ghafla

Wazee wetu wanakumbuka runinga ya zamani. Mawimbi yakiwa hafifu, picha ilijaa chenga na mtu mmoja alionekana kama wawili, lakini bado ulifuata kinachoendelea. Hiyo ilikuwa analogia. Kenya ilianza majaribio ya matangazo ya kidijitali Desemba 2009, na mwaka 2015 mitambo ya analogia ikazimwa kote nchini, sambamba na makubaliano ya kimataifa yaliyoweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya mwisho.

Dijitali ina tabia tofauti. King'amuzi hupokea taarifa zilizofumbwa na kuzifumbua. Kikipata za kutosha, picha huwa safi kabisa. Zikipungua chini ya kiwango fulani, hakiwezi kuzifumbua na picha huganda au hutoweka. Ndiyo maana runinga yako inaweza kuonyesha vizuri asubuhi na kukatika jioni, ilhali mawimbi yamepungua kidogo tu. Ulikuwa umesimama ukingoni bila kujua.

Jambo hili lina upande mzuri. Nyumba iliyo ukingoni haihitaji mabadiliko makubwa. Kupandisha antena mita moja, kuigeuza kidogo au kubadilisha kiungio kilichoshika kutu kunaweza kutosha kukuvusha.

Vilima vyetu na kivuli cha mawimbi

Kenya hutumia mfumo wa DVB-T2 kwa matangazo ya runinga yanayorushwa kutoka minara ya ardhini. Mawimbi hayo ni ya UHF, na husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Kilima kikisimama kati ya mnara na nyumba yako, unabaki kwenye kivuli.

Kaunti yetu imejaa vivuli vya aina hiyo. Kilele cha Vuria kina kimo cha mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na ndicho kirefu zaidi katika vilima vya Taita. Si ajabu kwamba minara ya mawasiliano imesimama huko. Voi, kwa upande mwingine, iko katika kimo cha takriban mita 600. Kati ya hapo kuna mabonde ya Wundanyi na Werugha, mteremko wa kuelekea Mwatate na Bura, na milima ya Sagalla na Kasigau iliyojitenga. Mji wa Taveta uko mbali magharibi, ng'ambo ya Mbuga ya Tsavo Magharibi.

Kwa hivyo, nyumba mbili katika kijiji kimoja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Aliye mgongoni mwa kilima anapata chaneli zote kwa antena ndogo. Aliye bondeni, hatua mia mbili tu kutoka hapo, hapati hata moja. Usishangae basi ushauri uliomfaa jamaa yako wa Maungu usipokufaa wewe wa Mgange.

Tambua tatizo kabla ya kutumia pesa

Chaneli nyingi husafirishwa pamoja katika fungu moja la masafa. Fungu moja linaweza kubeba chaneli kumi au zaidi, na kampuni tofauti za usambazaji zina mafungu yao na minara yao. Ukilielewa hilo, runinga yenyewe itakuonyesha pa kuanzia.

Ikiwa chaneli moja tu imepotea na nyingine zote ziko sawa, huenda tatizo ni la kituo chenyewe. Usiguse antena. Subiri, kisha tafuta chaneli upya.

Ikiwa kundi la chaneli limepotea kwa pamoja na jingine limebaki, fungu moja la masafa halikufikii. Labda mnara wake uko upande mwingine, una hitilafu, au masafa yake yamebadilishwa. Tafuta chaneli upya kwanza, kisha fikiria kuhusu mwelekeo wa antena.

Ikiwa chaneli zote zimepotea, muulize jirani anayetumia antena ya paa kama wewe. Yeye naye akiwa hana kitu, hitilafu iko mnarani au umeme umekatika huko, na dawa ni subira. Jirani akiwa sawa, tatizo ni lako, na mara nyingi ni antena, kebo au viungio.

Ikiwa picha inakatika wakati maalumu tu, chunguza kinachotokea wakati huo. Upepo unatikisa mlingoti? Taa fulani imewashwa? Chaja za bei rahisi, baadhi ya balbu za LED na vigeuzi duni vya sola hutoa kelele za kielektroniki zinazovuruga mawimbi. Vizime kimoja baada ya kingine ukitazama runinga. Wanaotumia sola wakague pia betri. Betri dhaifu hufanya king'amuzi kijizime na kujiwasha, na mwenyewe akadhani ni mawimbi.

Kwenye mipangilio ya king'amuzi kuna ukurasa wenye mistari miwili. Kwa kawaida imeandikwa kwa Kiingereza, Strength na Quality, yaani nguvu na ubora. Wengi hutazama nguvu. Unaopaswa kutazamwa zaidi ni ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, unapokea mawimbi mengi yaliyochafuka, na kuyaongezea nguvu zaidi hakutasaidia.

Antena: kimo, mwelekeo na mkao

Antena ya ndani inafaa kwa aliye karibu na mnara na asiye na kizuizi. Chini ya paa la mabati huwa inahangaika, kwa sababu mabati huzuia mawimbi na kuyarudisha yalikotoka. Ukiwa huna budi kuitumia, iweke karibu na dirisha linalotazama upande wa mnara, mbali na runinga, king'amuzi na kifaa cha WiFi.

Kwa nyumba nyingi za kaunti hii, antena ya nje ndiyo inayofaa. Ile ya kawaida ina ubavu mrefu wenye vijiti vingi. Elekeza upande wenye vijiti vifupi kwenye mnara. Upande wenye wavu au vijiti virefu ni mgongo wake. Antena nyingi zinazosumbua zimefungwa kinyumenyume, au ziligeuzwa na upepo na hakuna aliyetambua.

Kujua mnara uko wapi, anza kwa kutazama mapaa ya majirani wanaopata picha nzuri. Tazama pia mkao wa vijiti vyao, kama vimelala sambamba na ardhi au vimesimama wima. Mnara hurusha mawimbi kwa mkao mmoja wapo, na antena yako isipolingana nao utapoteza sehemu kubwa ya nguvu hata ukiwa umeelekeza sawasawa.

Kisha geuza polepole. Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja kwenye mlingoti na mwingine mbele ya runinga akisoma mstari wa ubora. Geuza kidogo, subiri sekunde kumi, kwa kuwa king'amuzi huchukua muda kusoma badiliko, halafu geuza tena. Anayezungusha haraka huipita sehemu nzuri bila kuiona.

Jaribu pia kubadilisha mahali. Urefu wa wimbi la runinga ya UHF ni kati ya sentimita 43 na 64 hivi. Mawimbi yaliyogonga kilima au jengo hukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, yakasaidiana mahali fulani na kuuana mahali pengine. Kusogeza antena nusu mita tu kushoto, kulia au juu kunaweza kubadilisha kila kitu. Bondeni, wakati mwingine mawimbi bora hayatoki upande wa mnara bali yanaakisiwa na kilima kilicho mkabala. Usiogope kujaribu upande usioutarajia.

Miti nayo huzuia. Majani mabichi, hasa yakiwa na maji ya mvua, hunyonya mawimbi ya UHF. Kama picha ilikuwa nzuri miaka mitatu iliyopita na sasa inasumbua kila msimu wa mvua, tazama mkaratusi au mparachichi uliokua mbele ya antena. Si lazima uukate. Hamishia mlingoti pembeni.

Kebo, busta na kugawanya mawimbi

Antena nzuri yenye kebo mbovu ni kama tangi lililojaa lenye mpira uliotoboka. Tumia kebo ya antena ya aina ya RG6 ya omu 75, si waya wa spika wala wa umeme. Hata RG6 nzuri yenye urefu wa mita 20 inaweza kupoteza takriban nusu ya nguvu ya mawimbi, kwa hiyo kata urefu unaohitajika tu na usiache mduara wa kebo umening'inia ukutani.

Kagua viungio. Waya wa shaba wa katikati usiguse nyuzi za nje hata moja. Maji yakiingia kwenye kiungio cha juu hushuka ndani ya kebo na kuiozesha, kisha picha huharibika polepole kwa miezi. Kifunge kwa utepe wa mpira, na uiachie kebo mzingo mdogo kabla haijaingia ndani ili maji ya mvua yadondoke nje. Kebo iliyochubuka, kupondwa na dirisha au kutafunwa na panya ibadilishwe yote. Kuunganishaunganisha vipande kunapoteza mawimbi.

Busta husaidia kufidia nguvu inayopotea kwenye kebo ndefu. Haiwezi kutengeneza mawimbi mahali yasipofika, na inapokuza mawimbi hukuza na kelele zake. Ikitumika, ifungwe karibu na antena, kabla ya kebo ndefu, si nyuma ya runinga. Aliye karibu na mnara asiitumie kabisa, kwa sababu mawimbi yakizidi king'amuzi hulemewa, na picha huganda vilevile. Kumbuka pia kwamba sehemu ya juu ya masafa yaliyotumiwa na runinga zamani sasa imepewa mawasiliano ya simu. Busta ya zamani inayofika hadi megahezi 862 itakuza na mawimbi ya simu. Matangazo ya runinga yako kati ya megahezi 470 na 694.

Baadhi ya antena zina busta ndani na hupata umeme kutoka kwenye king'amuzi kupitia kebo ileile. Kama yako ni ya aina hiyo, hakikisha umeme wa antena umewashwa kwenye mipangilio. Watu wamerudisha antena nzima dukani kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Kila unapogawa kebo kwa runinga mbili, kila moja hupata chini ya nusu ya nguvu. Wenye nyumba za kupangisha Voi, Mwatate na Taveta wanashauriwa kufikiria antena moja nzuri ya pamoja yenye kifaa cha kusambazia, badala ya kila mpangaji kusimamisha mlingoti wake juu ya paa moja.

Usalama hauna mjadala

Mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za umeme, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mlingoti wenyewe, ili hata ukianguka usiziguse. Paipu ya chuma na ngazi ya chuma hupitisha umeme. Mti na mwanzi mbichi au uliolowa hupitisha pia. Mlingoti ukianza kuangukia waya, uachilie na ukimbie. Usijaribu kuudaka. Ukishagusa waya, asiukaribie mtu yeyote hadi wahudumu wa umeme wazime laini.

Usipande paa wakati wa mvua, umande au upepo, na usipande peke yako. Usiwatume watoto. Fundi naye asipande bila mtu wa kumshikia ngazi. Radi zikianza, usiguse antena wala kebo yake. Ukiona wingu la radi linakuja, chomoa king'amuzi na runinga kwenye umeme, na uchomoe kebo ya antena mapema, kabla radi haijakaribia.

Unaponunua

Soma maandishi ya DVB-T2 kwenye boksi. Runinga nyingi mpya zina king'amuzi hicho ndani, na mwenye runinga hiyo hahitaji kununua king'amuzi cha nje ili kupata chaneli za bure. Anahitaji antena tu. Kilichoandikwa DVB-S2 ni cha dishi, hakitafanya kazi na antena ya vijiti. Runinga iliyotumwa na jamaa aliye nje ya nchi ikaguliwe kwanza. Ya Marekani hutumia mfumo tofauti wa matangazo na mara nyingi umeme wa volti 110, hivyo inaweza kuungua siku ya kwanza.

Kuna ving'amuzi vya kulipia kila mwezi na vya chaneli za bure unavyonunua mara moja tu. Muulize muuzaji bila kumung'unya maneno: malipo yangu yakiisha, nitaendelea kuona chaneli zipi? Nunua kifaa kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, dai risiti na waranti, na ukubaliane na muuzaji kwamba utakirudisha kisipofaa mahali unapoishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, pamoja na taarifa za kumwezesha kunufaika nazo.

Ukiwa nyuma ya kilima kabisa

Yapo maeneo ambayo hakuna mlingoti utakaotosha. Hapo dishi ndilo jibu, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hutoka juu. Baadhi ya huduma zinazotumika nchini hutoka kwenye setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki. Kaunti yetu iko karibu na nyuzi 38 mashariki na si mbali na ikweta, kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu na utosi wetu, na kilima hakiizuii. Kinachohitajika ni anga wazi na dishi lililokazwa imara, maana likisogea kidogo tu mawimbi hupotea. Mvua kubwa inaweza kukata picha kwa muda. Hiyo ni kawaida, na hurudi mvua ikipungua.

Nani anawajibika

Wakazi wengine huuliza kwa nini serikali ya kaunti haijengi minara ya runinga. Jedwali la Nne la Katiba limeweka utangazaji wa redio na runinga chini ya Serikali ya Kitaifa, na usimamizi wake uko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kaunti haitoi leseni za utangazaji wala haipangi masafa.

Hilo halikuzuii kudai huduma. Malalamiko yaanzie kwa kampuni iliyokuuzia huduma. Yasipotatuliwa, yapelekwe kwa Mamlaka, ambayo ina ofisi ya eneo la Pwani mjini Mombasa. Kijiji kizima kikikosa matangazo, lalamikeni kwa pamoja, na muandike mambo manne: jina la kijiji na kata, chaneli zinazokosekana, tatizo lilianza lini, na aina ya antena na ving'amuzi vinavyotumika. Barua yenye maelezo hayo inamwezesha mhandisi kujua aanzie wapi. Barua inayosema tu kwamba runinga hazionyeshi humrudisha kwenu na maswali.

Kwa nyumba nyingi, runinga bado ndiyo njia ya kusikia tahadhari za mvua, matangazo ya chanjo, habari za masomo na mijadala kuhusu kodi zetu. Nyumba isiyopata matangazo hukosa zaidi ya burudani. Kwa hiyo picha ikiganda leo jioni, fuata utaratibu: muulize jirani, tafuta chaneli upya, soma mstari wa ubora, kagua kebo na viungio, kisha antena, mchana na paa likiwa kavu. Ukifika mwisho wa orodha hiyo bila mafanikio, hapo ndipo uanze kufikiria king'amuzi kipya. Na kabla hujalipa, azima cha jirani ukijaribu nyumbani kwako kwa dakika kumi. Kikikataa pia, umejua tatizo liko kwingine, na pesa zako bado ziko mfukoni.